Nilijifunza Kiafrikana London ili bibi wa Kikaburu ale uji, nikaelewa mengi kuliko nilivyotaka

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Juzi kuna mwana humu kauliza Kiafrikana ni kigumu kiasi gani, eti kapata mchongo Cape Town anataka aanze mapema. Nimesoma majibu yenu, wengi mnabahatisha.

Mimi hiyo lugha nilijifunza, tena London. Nitamweleza grammar kidogo, halafu nitasimulia kilichonikuta. Sitii chumvi. Anayetaka stori ya kuchekesha atafute uzi mwingine, huu hautamfaa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nilipanga chumba Southall kwa mama mmoja wa Kipunjabi, mzaliwa wa Kisumu, na kazi nilikuwa nafanya care home moja upande wa Stanmore. Kuosha wazee, kuwavisha, kuwalisha. Nyie mnaoringa kwamba ndugu zenu wako mambele, wengi wetu kazi ndiyo hiyo, msidanganywe na picha.

Akaletwa bibi mmoja, nimwite Hester. Kaburu kabisa, alihamia Uingereza zamani na marehemu mumewe. Alipata stroke, Kiingereza chote kikafutika kichwani, kikabaki Kiafrikana cha utotoni.

Binti yake, Annette, aliletwa London akiwa mdogo na mama akawa anamwongelesha Kiingereza tu. Kwa hiyo aliambulia maneno ya jikoni basi. Sikumshangaa. Leo wanangu wananielewa Kiswahili vizuri na wananijibu Kiingereza.

Shida ilikuwa moja tu: Hester alikuwa hali. Ukimpelekea kijiko anabana mdomo, au anakipiga kinaruka. Daktari alishasema kwa hali yake hawatamwekea mpira wa kulishia, asipokula ndiyo basi tena.

Manager akanipa mimi nijaribu, kwa sababu eti natoka Afrika. Nilikereka. Morogoro mpaka kwao Hester ni mbali kama London na Moscow. Lakini Annette alikuja akanishika mkono, akaniomba kwa upole, nikashindwa kukataa.

Nikaenda library nikaazima kitabu cha wanaoanza, chenye kaseti. Nikawa nasoma kwenye basi.

Sasa ndugu muulizaji, sikiliza hapa.

Habari njema ni kwamba kitenzi hakibadiliki. Ek eet, jy eet, ons eet. Mimi, wewe, sisi, wote mnakula kwa neno hilo hilo. Ukishateswa na Kiingereza utashukuru.

Habari mbaya ni mpangilio. Kukiwa na vitenzi viwili, cha kwanza kinakaa nafasi ya pili, kingine kinatupwa mwisho kabisa. Ek wil pap eet. Yaani mimi nataka uji kula. Ukianza na neno la wakati, mtenda anasogea nyuma ya kitenzi: Vandag wil ek pap eet. Leo nataka mimi uji kula.

Kukanusha wanakanusha mara mbili. Ek wil nie pap eet nie. Hapo "nie" ya kwanza inakataa, ya pili inafunga mlango. Usiulize kwa nini, kariri tu.

Na unaona hilo neno pap? Ndilo Hester alilokuwa analia nalo kila asubuhi, na sisi tunamsukumia oats. Pap ni uji wa mahindi jamani. Mwenye nyumba wangu akanionyesha duka la Southall lenye unga mweupe, nikapika uji mzito kama wa nyumbani. Hester aliponusa akageuza uso, akaniangalia kwa mara ya kwanza. Nikajiona nimeshinda.

Kumbe ndiyo naingia shimoni.

Kitabu kilisema mtu mzima hatajwi kwa jina wala haambiwi "wewe". Mwanamke anaitwa Tannie, shangazi, hata kama si ndugu yako. Nikafurahi sana. Pale care home kila mtu anaita wazee kwa jina la kwanza, kitu ambacho mimi sikukizoea mpaka naacha kazi. Nikasema hawa angalau wana adabu kama zetu.

Nikainama, nikamuuliza taratibu: "Wil Tannie pap eet?" Yaani shangazi angependa kula uji?

Uso ukabadilika. Akasema polepole, kila neno mahali pake: "Ek is nie jou tannie nie."

Mimi si shangazi yako. Wakuu, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya Kiafrikana niliyoielewa yote bila kufungua kitabu. Akabana mdomo, na siku nzima hakula.

Nikamsimulia Annette. Akawa mwekundu mpaka shingoni. Alichokumbuka utotoni ni kwamba watoto wa Kizungu ndio waliomwita mama yake Tannie. Watu weusi walimwita Miesies, yaani bibi mkubwa, kila mmoja, hata wazee wa kumzaa. Kitabu hakikuandika hilo. Akaniambia nisithubutu kumwita Miesies, hata mama asipokula yeye hatanilaumu.

Tatizo ni kwamba mama alikuwa anakonda mbele ya macho yetu, na mimi nilishajua dawa.

Wa Morogoro mnajua, wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa jirani zetu. Mmoja alikuwa anatufundisha hesabu, tulimwita Mjomba Sipho. Mtu wa utani kweli, lakini siku tulipomwomba atufundishe Kiafrikana alisema hicho ndicho makaburu walichokuwa wanaongea wakati wanampiga. Kwao hakurudi tena, amezikwa Morogoro. Na mimi leo nimwite mwanamke huyu Miesies kwa hiari yangu? Nilikuwa na hasira, acheni tu.

Nikamwendea Bi Asha, mama wa Kipemba niliyekuwa naye shift moja. Nilitegemea aseme ni kazi, nivumilie. Alikunja mashuka hadi mwisho ndipo akajibu:

"Mie hapa naitwa darling na vitoto nnavyoweza kuvizaa, nimeshazoea. Hilo lako, mwanangu, siwezi kukwambia uzoee."

Hakunisaidia, ila alinielewa.

Kesho yake nikapika uji, nikakaa kitandani kwa Hester, nikasema: "Wil Miesies pap eet?"

Akafungua mdomo. Alikula bakuli zima. Annette alikuwa amesimama mlangoni, akatoka kwenda korido na nikamsikia analia. Mimi niliosha bakuli.

Basi ikawa hivyo kila asubuhi ya shift yangu. Akaanza kunenepa. Akaanza pia kuniita Samuel. Mwanzo nilimsahihisha, baadaye nikaacha.

Asubuhi moja, uji ukiwa nusu, akanishika mkono wangu wenye kijiko. Akasema: "Samuel, jou kind was siek. Ek het jou nie laat gaan nie."

Mtoto wako alikuwa mgonjwa. Sikukuruhusu uende.

Halafu akauliza: "Is die kind dood?"

Mtoto alikufa?

Wakuu, maneno nilikuwa nayo. "Nee, Miesies, die kind leef." Hapana, mtoto yu hai. Sentensi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Ningeisema angelala kwa amani, na uji angemaliza.

Nilijaribu, ikakataa kutoka. Yule mtoto alikuwa na baba yake, na baba yake si mimi. Nikajibu ukweli: "Ek weet nie, Miesies." Sijui.

Akaniachia mkono, akageukia ukutani. Tangu hapo hakufungua mdomo tena, si kwa uji, si kwa Miesies, si kwa binti yake. Alifariki kabla wiki haijaisha.

Baada ya mazishi Annette alikuja kuchukua vitu vya mama yake. Akaniuliza maneno yake ya mwisho ya maana yalikuwa yapi. Nikamwambia yote, na jibu langu pia.

"Samuel, mtumishi wetu, alikuwa ananibeba mabegani," akasema. "Siku moja hakuja. Mama aliniambia ameiba, wamemfukuza."

Akachukua begi akaondoka.

Ndugu muulizaji, Kiafrikana si kigumu, utakiweza. Nilichojifunza mimi ni kwamba lugha ya watu ukishaielewa huwezi kuchagua uambiwe nini. Na kitabu kinakufundisha kuuliza na kujibu, ila hakikwambii unamjibia nani.

Nilishawahi kusimulia hili mezani, nusu wakasema nilimuua bibi wa watu, nusu wakasema nilikuwa mpole mno. Nyie mngemwambia mtoto yu hai? Jibuni kwa ukweli, matusi sitayajibu.