Jicho la Kulia la Tulia

Pale hifadhini hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Tulia, na jina hilo alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Akishainamia kamera, humbembeleza mnyama kama mtu anayembembeleza mtoto aliyebeba glasi: "Tulia, mama. Tulia hivyo hivyo." Mnyama mwenyewe yuko ng'ambo ya korongo, hamsikii. Lakini askari wa hifadhi wanamsikia vizuri sana, na wale hawana dogo.

Kazi yake ni kuipigia hifadhi picha. Ukiona kalenda yao, au lile bango kubwa la getini, ujue ni mkono wake. Na msimu wake ni kiangazi, theluji ikisharudi nyuma hadi vileleni, njia ya juu ikafunguka, na mbuzi wa milimani wakaanza kushuka na watoto wao kulamba chumvi kwenye miamba. Ila msifikiri kiangazi ni mteremko. Jua likipanda, mwanga unakuwa mweupe kama karatasi, joto linafuka kutoka kwenye mawe, na picha inacheza kama iko ndani ya maji. Kwa hiyo Tulia hupanda alfajiri, na saa tatu asubuhi ameshafunga begi.

Mwaka ninaousimulia, mhifadhi mkuu alimwagiza picha moja tu ya ukuta wa ukumbi mpya wa wageni: beberu wa milimani amesimama ukingoni, kilele kiko nyuma yake. Tulia akapanda mara tatu. Mara zote tatu akarudi na ukungu, na si ukungu wa mlima. Ulikuwa ndani ya kidirisha cha kamera, kile cha kuchungulia kwa jicho.

Kamera yake inaweza kulenga yenyewe, lakini haiamini. "Hiyo italenga jani, mnyama imwache," husema. Yeye huzungusha lenzi kwa vidole mpaka manyoya yahesabike. Safari hii alizungusha kushoto, akazungusha kulia, manyoya hayakuhesabika.

Askari aliyempandisha akaichungulia picha.

"Mzee wangu, huyu ni mbuzi au gunia la mkaa?"

"Ni joto la mawe hilo."

"Saa kumi na mbili asubuhi? Mimi mwenyewe natetemeka!"

Tulia alikuwa anamkumbuka mama yake. Mama yake alipofuka akiwa na umri kama huo wake, na ugonjwa ulianza hivyo hivyo: jicho la kulia, ukungu. Na Tulia huchungulia kwa jicho la kulia.

Basi akaanza vituko vya mtu mwenye hofu. Gazeti aliliacha, akasema habari za siku hizi ni porojo tupu. Njia ya sokoni inapita mbele ya daktari wa macho, penye kibao kilichochorwa jicho kubwa. Yeye akawa anavuka barabara mapema, kama anamkwepa mdai. Jumamosi moja mchana akaandika barua ya kuomba ahamishiwe getini kukata tiketi. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Jumatatu angeipeleka, na baada ya hapo mlima angeutazama kwa mbali kama wageni wengine.

Jioni ile mkewe alikuwa sebuleni, nusu ya mwili imefunikwa na sare za shule. Ni fundi cherehani, na kwa miaka yote ya ndoa yao kutunga uzi kwenye sindano za mkono ni kazi ya mume.

"Mama watoto, nina neno."

"Liseme huku unanitungia."

Tulia akavaa miwani yake ya kusomea, akalamba ncha ya uzi, akaupitisha, akamrudishia sindano. Kisha akasema, "Jicho langu la kulia linakufa."

Mkewe aliitazama sindano. Akamtazama na yeye.

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii. Kama la mama." Akaichomoa ile barua mfukoni, akampa.

Mkewe aliisoma yote, bila haraka, akaiweka chini ya mkasi.

"Hiyo miwani ni ile ile ya mwaka juzi?"

"Ndiyo."

"Funika jicho la kushoto."

"Mama watoto, mimi nakuambia habari za..."

"Funika, bwana!"

Akafunika. Mkewe akampa sindano nyembamba kuliko zote, ile ya kushonea shanga. Uzi ukapita mara ya kwanza.

"Bahati tu," Tulia akasema.

"Haya, shika na bahati nyingine." Akampa ya pili. Akampa ya tatu. Zote zikapita. "Maiti gani huyu anatunga sindano tatu? Mimi cherehani ikiruka mishono sikimbilii kuyalaumu macho yangu. Naangalia kwanza skrubu ya kukazia uzi. Ukiigusa tu wakati wa kufuta vumbi, nguo nzima imeharibika. Hiyo kamera yako haina skrubu?"

Tulia alitaka kusema haina, kisha akakumbuka.

Pembeni mwa kile kidirisha kuna kigurudumu kidogo, hakizidi punje ya mahindi, cha kukilinganisha kidirisha na jicho la mwenye kamera. Alikiweka sawa siku aliyoinunua, miaka kumi na moja iliyopita, hata akasahau kwamba kipo. Akaifuata kamera mbio. Kigurudumu kilikuwa kimezunguka mpaka mwisho wake. Akakirudisha polepole huku anachungulia kalenda ya ukutani, na tarehe zikaanza kujitokeza, hadi akaweza kusoma yale maandishi madogo ya chini, ya kiwanda cha uchapaji.

"Nani amekigusa?"

Mkewe ghafla akawa na shughuli kubwa na kifungo kimoja.

"Si ulikuwa unaanza msimu? Nikasema nikupunguzie kazi. Palikuwa na vumbi pale, nikalichokonoa kwa ncha ya kitambaa."

"Kumbe mchawi wangu nalala naye kitanda kimoja!"

Tulia alicheka mpaka akaketi juu ya sare, machozi yakimtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

"Usinikunjie nguo za watu," mkewe akasema, lakini mkono ulikuwa begani kwake. "Na kwa daktari Jumatatu tunakwenda vilevile. Ya mama yako si ya kuchezea." Akamrudishia barua. "Hii itupe mwenyewe."

Kesho yake alfajiri alikuwa juu ya korongo na askari wake. Mguu mmoja wa stendi ya kamera ulikuwa unayumba juu ya jiwe. Tulia akapapasa mfukoni, akaikunja ile barua mara nne, akaisokomeza chini yake. Stendi ikatulia.

Beberu akatokea ukingoni, jua la kwanza pembeni, kilele nyuma yake.

"Tulia, baba. Tulia hivyo hivyo."

Askari akasubiri mlio wa kamera, wapi!

"Mzee, piga basi! Ataondoka huyo!"

"Ngoja kwanza," Tulia akanong'ona, jicho la kulia limegandia kidirishani. "Nahesabu ndevu."

Hesabu ilipofika ilikofika, akabonyeza.