Kipande cha Tatu cha Zablon

Zablon Matonya alipokwenda kwao Chemba na kusema kazi yake ni kukata nyama hospitali, wazee walidhani ana bucha. Hakuwasahihisha. Kwa miaka ishirini na mbili, katika maabara ya hospitali moja mjini Dodoma, alipokea vinyama vilivyotolewa kwa wagonjwa, akavigandisha ndani ya nta, akavikata kwa mashine vikawa vyembamba mno, akavilaza juu ya vioo na kuvitia rangi. Kisha alivipeleka kwa daktari wa darubini. Majibu hayakumhusu.

Daktari huyo, Evodia, alikuwa akifanya utafiti wa tezi dume. Alishughulika na chembe za madini zinazojijenga ndani ya tezi hiyo, ambazo Zablon aliziita chokaa. Alizijua vizuri na kuzichukia. Wembe ukizigusa hukwaruza, kipande kikachanika, na wembe wenyewe ukaharibika.

"Sasa usizilaani, mzee," Evodia alimwambia. "Wembe ukikwaruza, niandikie namba ya kipande."

"Kwani zinasema nini, Dokta?"

"Bado sijui. Wazee wengi wanazo na ni wazima kabisa. Nataka kuona kama zilizo karibu na saratani zimejengwa tofauti, labda zinki imepungua, au kitu kingine. Tukilijua hilo, siku moja huenda likatusaidia kumtambua mgonjwa mapema."

Zablon aliandika namba kwa mwaka mzima. Mwaka huohuo mkojo wake ulianza kutoka kwa shida. Alikuwa na miaka hamsini na saba, akanyamaza. Aliyemsukuma ni mkewe, Angelina, nyumbani kwao Ipagala.

"Baba Devota, vya watu unavikata kila siku. Vyako ndivyo unaviogopa?"

Akaenda. Damu ilipimwa, kisha akatolewa vinyama kumi na viwili. Jumanne iliyofuata trei ilifika mezani, na kwenye fomu ya kwanza aliona jina lake. Mwenzake, Yasinta, alikuwa likizo ya uzazi. Zablon aliisoma fomu mara moja, akaiweka pembeni, akafunga kwenye mashine kibonge cha kwanza cha nta.

Cha kwanza kilikatika vizuri, cha pili pia. Cha tatu kilikwaruza. Alisimamisha mashine, akangoja asikie kitu ndani yake, hofu au huzuni, chochote. Hakikuja. Aliandika namba kwenye daftari la Evodia, akabadilisha wembe, akaendelea hadi cha kumi na mbili.

Evodia alipoona jina alivua miwani.

"Kwa nini hukuniambia? Ningemtafuta mtu mwingine akate."

"Nani, Dokta? Yasinta hayupo." Akanyoosha kidole kwenye trei. "Cha tatu kina chokaa. Nimekiandika."

"Chokaa peke yake haisemi kitu. Unajua hilo."

"Najua."

Alhamisi Evodia alimwita, akafunga mlango. Saratani ilionekana katika vipande vinne.

"Cha tatu kimo?" Zablon aliuliza.

"Hapana. Cha tatu ni kisafi."

Alifikiria vile vinne. Vyote vilikuwa vimepita chini ya mkono wake bila kelele yoyote, naye alikuwa amevisifu moyoni kwa kukatika vizuri. Evodia alimweleza kwamba ugonjwa ulionekana haujatoka nje ya tezi, na kwamba mionzi ingefaa. Zablon aliitikia kila sentensi. Mwishoni aliuliza kama vipande vyake vingeingia kwenye utafiti.

"Ukiridhia."

Akatia saini.

Jioni alimwambia mkewe wakiwa mezani. Angelina alilia, kanga mdomoni. Zablon alimaliza ugali wake wa uwele na mlenda, akanawa, akaketi tena palepale kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda.

Mionzi alichomewa Dar es Salaam, akiishi kwa binti yake Devota, majuma nane. Alichoka, akakonda, akarudi kazini. Damu yake ikapimwa tena na kiashiria cha ugonjwa kikawa kimeshuka. Evodia alikuja kumpa mkono, naye akaupokea. Utafiti ulikuwa haujatoa jibu, na namba ziliendelea kuandikwa.

Wakati wa mavuno alikwenda Chemba. Mdogo wake, Bartolomayo, alikuwa akipeta uwele uani, naye Zablon akamweleza yote moja kwa moja, na kwamba ugonjwa huu hupenda kutembea kwa ndugu.

Bartolomayo aliweka ungo chini. "Inauma, kaka?"

"Kipimo cha kutoa nyama kinauma kidogo. Wewe utaanza na cha damu."

"Nauliza huko kujua."

Zablon aliuokota ungo, akamrudishia.

"Bado sijausikia uchungu wake," akasema. "Nangoja."

Jumatatu wakaondoka pamoja kwenda Dodoma, Bartolomayo akapimwe.