Dohani Iliyozibwa kwa Ajili ya Mapazia

Kumeanza kupambazuka, na Mama Sufuria, mpishi wa shule, ameinama mbele ya mafiga anapuliza. Kuni mbichi. Moshi unapanda hadi darini, unatafuta pa kutokea, unakosa, unarudi kumkaba koo. Anakohoa mpaka kilemba kinamdondoka.

"Jiko hili lina dohani ya kutolea moshi," anajisemea, akikoroga uji. "Ile pale juu. Wameiziba kwa saruji."

Aliyeamuru izibwe ni mwalimu mkuu. Alipohamia ofisi ya jirani na jiko, moshi wa dohani ukawa unamwingilia dirishani na kuyatia masizi mapazia yake mapya, meupe pepepe. Fundi akaitwa asubuhi, adhuhuri kazi kwisha. Mpishi hakuulizwa.

Mwaka na nusu sasa anapikia watoto mia tatu ndani ya chumba chenye mlango mmoja. Kuta nyeusi tititi. Ukipitisha kidole, kinatoka kama kimechovywa kwenye wino. Juzi kifua kilimbana, akajikokota hadi zahanati.

"Mama, unavuta sigara ngapi kwa siku?" muuguzi alimuuliza.

"Mwanangu, sigara sijaishika hata kumwashia marehemu mume wangu!"

Muuguzi akamfafanulia. Moshi wa kuni una chembe ndogo kuliko vumbi la unga, zinazozama mapafuni zikaganda huko. Una pia hewa ya sumu, haionekani wala hainusiki, inayoinyang'anya damu pumzi. Ndiyo inayompasua kichwa kila siku. Akiendelea humo, mapafu hayatarudi yalivyokuwa.

Alipompelekea mwalimu mkuu habari hizo, alijibiwa bila kutazamwa: "Mama, si ufungue mlango?"

Akikumbuka, anazidi kukoroga kwa nguvu. "Nifungue mlango! Pazia linaonewa huruma, kifua changu je? Pazia hufuliwa. Mapafu nitayaanika kamba gani?"

Uji ukishagawiwa na mafiga kupoa, hapikii tena ndani. Anayatoa mafiga moja moja, akipumzika njiani, anayapanga uani, chini kabisa ya dirisha la mapazia. Anateleka maharage. Anapuliza.

Haupiti muda, dirisha linafunguka kwa kishindo.

"Mama Sufuria! Moshi gani huu?"

"Ni ule ule, mwalimu. Si ufunge dirisha?"

Dirisha linafungwa. Ndani, mtu anakohoa.

"Kesho nitapika hapa hapa," analiambia dirisha, akichochea kuni, "na keshokutwa, mpaka fundi arudi na tindo yake aizibue dohani. Nataka nistaafu ningali napumua."