Mwenye Jina Alikuja Mwenyewe

Wobeni alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya kijiji chao, juu ya mlima unaotazama mto Doyang, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtoto wa pale aliyekua bila kula wali na dengu za mkono wake. Alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, mfupi, mwenye sauti nzito iliyobeba mstari wa chini wa kwaya ya kina mama. Watu walimjua kwa mambo mawili: hakosi ibada, na siasa hataki hata kuisikia.

Siasa aliiacha kwa makusudi. Alikwisha kuwaona wagombea wakija na kupita, kila mmoja akifungua mkutano kwa sala na kuufunga kwa nyama ya nguruwe. Barabara ya kwenda mjini Wokha iliahidiwa akiwa na mimba ya mwanawe wa kwanza, na mwanawe huyo sasa ana mvi. Basi katika uchaguzi uliopita, wenzake walipokwenda kula kwenye kambi ya mgombea, yeye alichukua jembe akaenda kuchimba tangawizi. Alirudi ametulia, akijiambia kwamba mikono yake walau ni safi.

Wiki moja baadaye akapata habari kwamba alikuwa amepiga kura.

Wala si yeye peke yake. Mumewe Zanthungo, waliyemzika miezi minne kabla, naye alikuwa amepiga. Ndivyo mambo yalivyokwenda kijijini. Ukoo ulikaa ukakubaliana juu ya mtu wake, kisha Rainbemo, kaka mkubwa wa marehemu, akapita nyumba kwa nyumba kukusanya karatasi za majina ambazo kila mpiga kura hugawiwa, na siku yenyewe yeye na wapwa zake wawili wakasimama kwenye mashine ya kura kubonyeza kwa niaba ya wote. Hakuna aliyeuita wizi. Waliona ni kumpunguzia mtu safari.

Lakini Zanthungo alikuwa shemasi. Aliwahi kusimama mbele ya kanisa zima, akitetemeka, kuungama kwamba alimdanganya mnunuzi wa machungwa juu ya uzito wa kikapu kimoja. Mtu wa namna hiyo leo anasemeshwa uongo akiwa kaburini! Wobeni aliifikiria amri ya kutoshuhudia uongo, akaona kwamba kukaa kwake shambani hakukumsafisha hata kidogo. Jambo hilo alikaa nalo miaka mitano.

Uchaguzi ulipokaribia tena, kanisa likagawa kadi za kuahidi uchaguzi safi. Wobeni akaenda nyumbani kwa mchungaji, Yantsao, akamkuta anapasua kuni.

"Mchungaji, nikibaki nyumbani, jina langu linakwenda bila mimi. Dhambi hiyo ni ya nani?"

Yantsao akaweka shoka chini.

"Mama, nimehubiri Jumapili tatu juu ya jambo hilo," akasema. "Na karatasi yangu anayo Rainbemo tangu Jumatatu."

Wobeni aliondoka bila jibu, lakini alitembea kwa wepesi kidogo, maana kabla ya hapo alidhani jambo hili linamsumbua yeye tu.

Alianza na mumewe. Mwalimu Zuchobeni wa darasa la tatu ndiye aliyekuwa akitunza daftari la wapiga kura. Wobeni alimpelekea cheti cha mazishi kutoka kanisani, akaomba jina la Zanthungo liondolewe. Mwalimu alimwuliza kama ameshauriana na shemeji yake. Akasema marehemu ni mume wake, si mume wa shemeji. Mwalimu akainamisha kichwa kuficha kicheko, akajaza fomu. Wobeni alipotia sahihi alilia, kisha akashangaa kuona kwamba kilio chenyewe hakikumwuma. Ilikuwa kama siku ile ndiyo wamemzika sawasawa.

Rainbemo alipokuja kuchukua karatasi, Wobeni alimpa ya kwake. Kadi yake ya mpiga kura yenye picha ilikuwa ndani ya pipa la mchele, na mchele haukukusanywa na mtu.

Maofisa wa uchaguzi walifika siku moja kabla ya kura, wakalala madarasani, na mpishi wa kuwapikia alikuwa yeye. Aliwapa samaki mkavu na machipukizi ya mwanzi. Asubuhi aliwapelekea chai, akasubiri wamalize, akafuta mikono, na saa moja kamili mlango ulipofunguliwa akaingia na kadi yake. Msimamizi, mtu mnene kutoka mji wa Dimapur, alilitafuta jina, akampaka wino kidoleni, akamwonyesha pazia la karatasi ngumu.

Nyuma ya pazia lile aliinama kusoma mashine. Majina yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa la mtu wa ukoo. La tatu lilikuwa la Tsenthungo, bwana shamba mstaafu, aliyekuja kijijini bila nguruwe, na alipoulizwa kuhusu barabara akajibu kwamba hajui kama ataiweza, ila atakuja kuwaambia akishindwa. Watu walimcheka. Wobeni hakucheka. Alibonyeza jina la tatu, mashine ikalia, akatoka kwenda kuosha vikombe.

Saa mbili Rainbemo akafika na wapwa zake na bahasha yake. Jikoni kuna dirisha linaloelekea darasa lile, na Wobeni alisikia kila kitu. Karatasi chache tu zilipita kabla msimamizi hajasema:

"Huyu ameshapiga."

"Amepigiwa na nani?" Rainbemo akauliza.

"Mwenyewe."

Kisha msimamizi, kwa sauti ya mtu aliyeshiba vizuri na hataki ugomvi, akasema kwamba ikiwa mama mzee ameweza kuja na kadi yake, hata hawa wengine waje na zao. Na hao wachache waliokwisha kupitishwa angejua namna ya kuwaandika kwenye taarifa yake. Rainbemo alibisha, akataja ukoo, akataja desturi. Msimamizi akafunga daftari. Ikabidi wapwa watumwe mashambani kuwaita watu, na kufikia saa nne kulikuwa na foleni kutoka shuleni hadi kwenye lango la kanisa, nusu yao wakilalamika, miguu ina udongo.

Rainbemo akaja jikoni. Hakupandisha sauti, alikuwa amechoka uso.

"Shemeji, umenipita kwa nyuma."

"Nimepita mlangoni, shemeji. Ulikuwa wazi."

"Umempa nani?"

"Hilo tuliache kati yangu na ile mashine."

Rainbemo akaegemea mlango. "Kura zinatangazwa kituo kwa kituo. Hapa petu haijatoka nje ya ukoo hata moja tangu nianze kazi hii. Ikitoka moja, kijiji kizima kitajua ni ya nani."

Hilo Wobeni hakuwa amelifikiria. Aliendelea kukoroga dengu zilizokwisha kuiva. Siku zote za kusubiri matokeo aliishi na hiyo kura moja. Kwenye mazoezi ya kwaya aliona kama wanamtazama. Alifikiria kazi yake ya shule, na wapwa waliompasulia kuni kila kiangazi. Alimwomba Mungu ampe ujasiri, kisha akaomba, kwa aibu kidogo, kwamba hesabu ipotee.

Siku ya matokeo Rainbemo alikuja mwenyewe jikoni na karatasi mkononi. Mtu wa ukoo ameshinda jimbo, alisema. Wobeni akaitikia kwa kichwa.

"Hapa petu, Tsenthungo kapata kura thelathini na saba."

Wobeni alikaa juu ya rundo la kuni. Thelathini na saba. Kicheko kilimtoka chenyewe, cha mtu aliyetua mzigo, na hakikutaka kukoma. Akajifunika mdomo kwa ncha ya shali. Rainbemo alisimama akimtazama, kisha naye akavuta kigoda.

"Nimemwuliza mke wangu kampa nani," akasema. "Kanijibu nile wali wangu."

"Basi ule."

"Unajua, watu wa kambi wamenipigia simu, wanauliza thelathini na saba hao ni kina nani. Nimewaambia sijui. Na kweli sijui." Alisugua magoti. "Miaka thelathini nimejibu kwa ajili ya kila mtu hapa. Leo nimesema sijui, na sikuona haya."

Wobeni akainuka, akapakua wali sahani mbili, akaongeza dengu, wakala pale pale jikoni. Rainbemo akaomba pilipili. Nje watoto walikuwa wanapanga foleni na sahani zao, na yule wa mbele alikuwa ameanza kugonga dirisha.