Swali la Chuma

Niliacha shule nikiwa darasa la saba, mwaka ambao mama alifariki na kuniachia wadogo wanne. Baba alikuwa ametangulia. Kazi yangu ya kwanza haikudumu. Ya pili ndiyo niliyo nayo hadi leo: kuvusha mayai na ndizi kutoka upande wa Uganda hadi soko la Malaba. Wanawake niliowakuta kwenye kazi hiyo walinipa somo moja wiki ya kwanza. Mtu mwenye sare na kalamu akikuuliza lolote, anza na hapana. Una mzigo mwingine? Hapana. Kuna kitu chini ya hizo ndizi? Hapana, boss. Hata kama chini ya ndizi hakuna kitu ila ndizi nyingine, unakana kabla swali halijaisha. Ulimi unazoea.

Ulimi huo nilienda nao hospitali.

Mama alikufa kwa saratani ya titi, na dada yake pia, wote wakiwa bado vijana. Nilipofikia umri ambao mama alianza kuugua, daktari wa kliniki moja ya Busia alinituma kwenye hospitali kubwa ya mbali. Eksirei ya matiti haikuonyesha kitu. Ultrasound nayo haikuonyesha. Mashine ya MRI ndiyo iliyoona doa kwenye titi la kulia, dogo kama punje ya wimbi, ambalo hakuna mkono ungeweza kulipapasa. Daktari aliniambia kwamba doa bado si ugonjwa. Ili lijulikane ni nini, lazima kitolewe kipande kidogo cha nyama kikapimwe, na kwa kuwa ni MRI pekee inayoliona, hiyo MRI ndiyo itakayoongoza sindano.

Nilipangiwa siku, nikaingoja kwa majuma kadhaa nikilala na kuamka na punje ile. Kitinda mimba wetu yuko kidato cha tatu. Nilishawahi kuwaona wadogo zangu wakimlilia mama, na sikutaka waanze kunililia mimi.

Siku ilipofika, nesi alinikalisha na karatasi ndefu. Niliwahi kupasuliwa? Hapana. Nina kifaa cha moyo? Nina mimba? Figo zina shida? Natumia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, hata aspirini? Hapana, hapana, hapana. Niliwahi kufanya kazi ya vyuma, au kuingiwa na chuma jichoni? Hapana. Akatia alama, nami nikatia sahihi.

Nikavua hereni, saa, na hata pini niliyofungia kamba ya sidiria. Lakini mimi ni mtu wa kuuliza. Nilimuuliza mhudumu wa mashine, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mwalimu, pini ile ina kosa gani. Alinieleza kwamba mashine yenyewe ni sumaku kubwa, na haizimwi. Hata wakati ule, bila mtu ndani, ilikuwa inavuta. Chuma kikiwa mwilini kinaweza kusogea au kupata moto.

"Hata kikiwa kidogo?"

"Inategemea kiko wapi, mama. Jichoni, hata kidogo ni kibaya."

Ile kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwa fundi wa madirisha, karibu na foleni ya malori. Nilimshikia vyuma akivikata kwa grainda. Siku moja kibanzi kiliniingia jicho la kushoto. Fundi alikitoa kwa ncha ya leso, akasema kimetoka chote, na kwa kuwa jicho liliacha kuuma baada ya siku mbili, nilimwamini.

Nilisimama pale na gauni la hospitali nikipima la kufanya. Kwetu mpakani, ukikana halafu ukageuza maneno, mzigo wote unashushwa unakaguliwa upya, na siku yako imekwisha. Nikisema, huenda wakanirudisha nyumbani na doa langu bila jina. Nisiposema, basi nitaingia humo ndani nikitegemea leso ya fundi.

"Dada," nikamwambia, "lile swali la chuma nilijibu vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Nilisema hapana. Ni ndiyo. Jicho la kushoto."

"Sasa mbona ulisema hapana?"

"Natoka Malaba."

Alicheka hadi akashika mlango. "Mume wangu ni dereva wa lori," akasema, "kwa hivyo nakuelewa. Kuna hapana zingine humo?"

Ilikuwepo. Juzi yake nilikuwa nimemeza aspirini kwa sababu ya kichwa. Karatasi ikarudi, tukaanza upya kutoka swali la kwanza, polepole. Daktari alisema aspirini hiyo haitazuia kazi, ila jeraha litakandamizwa kwa muda mrefu zaidi. Nikapelekwa kupigwa eksirei ya macho, nikangoja karibu saa nzima. Jicho lilikuwa safi. Fundi alikuwa amesema kweli.

Kitanda cha kazi ile kina matundu mawili. Unalala kifudifudi, matiti yananing'inia humo, na nilijiona kama ng'ombe anayesubiri kukamuliwa. Titi lilibanwa kati ya vibao viwili ili lisisogee. Lilikazwa tu, halikuuma. Nikawekewa vizibo vya masikio na mpira wa kubonyeza nikitaka msaada. Dawa ya rangi, ya kufanya doa lionekane, ilipanda mkononi ikiwa baridi. Mashine ilipoanza kulia nilijikuta nyumbani: ni grainda na nyundo, zikipokezana.

Walinitoa, wakachoma ganzi, ikauma kama siafu mmoja. Wakanirudisha, wakanitoa tena. Sindano yenyewe niliisikia kama msukumo na mlio wa kunyonya. Kilichokaribia kunishinda ni kutulia, maana shingo iliniuma kuliko titi. Mwishoni waliacha alama ndani, ndogo kama ufuta, ili doa lipatikane tena likitafutwa. Nikauliza imetengenezwa kwa kitu gani. Kwa chuma, akasema mhudumu.

"Mnanivua hata pini, halafu mnanitia chuma?"

Alinieleza kwamba chuma cha aina hiyo hakivutwi na sumaku. Akakandamiza jeraha kwa kiganja kwa muda mrefu, akaweka barafu, akanikataza kubeba ndizi kwa siku kadhaa. Wiki ile mayai yangu yalivushwa na wenzangu, wale wale walionifundisha kukana.

Majibu yalikuja baada ya siku nane. Haikuwa saratani. Nirudi baada ya miezi sita wapige picha nyingine. Daktari alinisomea karatasi mara mbili kwa sababu nilimwomba, kisha akauliza kama nina dada. Nikasema ndiyo, wawili.

Anayenifuata anauza vitenge Busia, pale pale mpakani. Jumapili nilimkalisha jikoni, nikamwambia ataanza kupimwa, na kwamba huko ataulizwa maswali. Nikaanza kumuuliza yale ninayoyakumbuka ili ayazoee.

"Umewahi kufanya kazi ya—"

"Hapana," akasema.

Nikaweka kikombe chini, nikamuuliza upya.