Wakili wa Kamenge na 'ndiyo' kumi na moja

Mwandishi wa makala haya hajawahi hata siku moja kusema "ndiyo" kwa jambo asilolielewa. Shuleni alikuwa yule mwanafunzi wa kunyoosha mkono na kusema "sijaelewa" mpaka mwalimu akatamani kengele ilie. Hilo lijulikane kabla hatujaanza.

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne. Maître, yaani wakili, Khadidja Rajabu anafungua mlango wa ofisi yake mtaani Kamenge, Bujumbura, chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi cherehani na duka la fotokopi. Anavua viatu vya barabarani, anavaa vya mahakamani. Joho lake jeusi linaning'inia msumarini ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu ya vumbi. Katibu wake, Sikuzani, amekwisha kuwasha kompyuta na kumimina chai.

Khadidja anamkaribisha mgeni wake bila kuinua macho. Anapanga mafaili, anauliza taratibu, kama mtu anayewaza mambo mengine.

"Umefika na miguu?" Ee. "Jua limeanza kuwa kali?" Ee. "Chai iko na sukari?" Ee. "Hii sakoshi ya begani ni yako?" Ee. "Umetoka nayo Kinama?" Ee. "Na ile bangi ya ndani, ni kilo kumi na ine?"

"Ee," mwandishi akajibu, huku akipuliza chai.

Kumbe Sikuzani alikuwa anapiga chapa. Karatasi ikatoka kwenye mashine ikiwa bado ya moto: maswali sita, majibu sita, tarehe juu, nafasi ya saini chini. Ikawekwa mbele ya mgeni pamoja na kalamu. Hapo mwandishi, kwa akili zake timamu, akautambua mtego, akacheka, akairudisha kalamu mezani. Hakusaini. Hilo nalo lijulikane.

"Umeona?" Khadidja akasema. "We umesoma, hakuna mutu amekushika shati, na umeshakubali kilo kumi na ine. Sasa fikiria yule mwenye pingu."

Kazi ya mama huyu wa miaka 41 ni kutetea watu wanaoshtakiwa kwa dawa za kulevya. Wateja wake hawaji na magari ya vioo vyeusi. Ni wabeba mizigo, wauza mkaa, wapangaji waliolala chumba kimoja na mtu mwenye siri. Mwaka jana alishika kesi thelathini na mbili za bangi. Kwa hesabu yake, ishirini na tano zilikuwa za watu waliokamatwa na mzigo wa mwingine.

Kwa kesi anayoletewa na shirika la msaada wa sheria hupata faranga laki moja na nusu, na kesi moja inaweza kula nusu mwaka. "Mama yangu anauliza kama hiyo ni mshahara ama ni nauli," anasema, na anaonekana kulifurahia swali hilo kuliko jibu lake.

Mwandishi alimuuliza kama hakuna wanaouza kweli. Hakukwepa.

"Wako. Na hao pia nawatetea. Mutu aazibiwe kwa kitu alifanya, apana kwa kitu aliitikia."

Kwa msomaji aliye mbali na Bujumbura, neno hilo la kuitikia linahitaji maelezo. Kirundi kina "ego", maana yake ndiyo. Lakini mdogo akisemeshwa na mkubwa, husema ego, ego, ego, kila mkubwa anapovuta pumzi. Ni adabu. Anasema: nipo, nakusikia, endelea. Asiyeitikia huonekana ana kichwa kigumu. Sisi wa Kiswahili tuna "ee" yetu, na hizo mbili ni ndugu wa baba mmoja.

Khadidja alilijua jambo hili kabla ya kujua sheria yoyote. Alizaliwa Buyenzi, binti wa fundi magari aitwaye Faruk. Mzee alikuwa akifungua injini, anamweleza mteja ugonjwa wa gari, na mteja anaitikia ee, ee, ee. Wiki inayofuata mteja anarudi akilivuta gari kwa kamba, anadai hakuambiwa kitu.

"Baba akachoka," Khadidja anakumbuka. "Akaanza kusema: haya, nirudishie. Nimekuambia nini? Hapo mutu anatazama matairi. Baba anaanza upya, polepole. Mi nilikuwa namushikia spana, nikafikiri njo ufundi wenyewe. Baadaye nikaona niko sawa."

"Nirudishie" ndilo neno la ofisi hii. Mteja akiambiwa haki yake, huambiwa airudishe kwa maneno yake mwenyewe. Asipoweza, hatoki. Fundi cherehani wa jirani anasema sasa hata wateja wake wanalitumia, na linamharibia biashara.

Jumanne hiyo, faili lililokuwa juu ya mengine lilikuwa la Gaspard, mbeba mizigo kwa baiskeli kutoka Kinama, umri miaka 34, miezi mitano ndani ya gereza la Mpimba.

Hadithi yake ni fupi. Asubuhi moja mtu alimsimamisha akampa gunia la mkaa, mdomo umeshonwa, alifikishe Mutakura. Katikati ya njia polisi wakalifungua. Chini ya mkaa palikuwa na vifurushi vya bangi, kilo kumi na nne. Mwenye gunia alikuwa nyuma kwa miguu. Alipoona kofia za polisi, akageuka na hajaonekana mpaka leo. Gaspard alibaki na gunia, na siku hiyo hiyo akaulizwa maswali kumi na moja. Majibu yake yakaandikwa kwenye peve, ile karatasi ya maelezo ambayo mahakama huisoma kama kitabu kitakatifu.

Ni mkewe, Amélie, aliyeileta nakala ofisini, imekunjwa ndani ya kitenge. Khadidja aliisoma akiwa amesimama. Ulibeba gunia hili? Ndiyo. Ulijua lina bangi? Ndiyo. Umewahi kufanya hivi kabla? Ndiyo. Alikuwa karibu kuifunga, anasema, alipofika swali la sita: Ulilichukua wapi gunia hili? Jibu: Ndiyo.

"Nikakaa chini," anasema. "Nikamwambia Amélie, huyu bwana wako hakuungama. Huyu bwana wako alikuwa na adabu."

Lakini adabu haifutwi kwa siku moja. Kwa wiki sita Khadidja alikwenda gerezani kumfundisha Gaspard kitu kimoja tu: akiulizwa, asiitikie. Kwanza alirudishe swali, kisha ajibu. Jumatatu, siku moja kabla ya kesi, Gaspard aliweza vizuri sana, hata akamkosoa wakili wake aliposema "ee" kwa mlinzi.

Saa nne, chumba cha mahakama kimejaa. Gaspard anasimama mbele, macho kwenye vidole vya miguu. Amélie yuko benchi la pili. Mwendesha mashtaka anasoma peve kwa sauti nzuri, anaomba miaka mitano. Kuhusu swali la sita, anasema ni kosa dogo la kuandika, na halifuti yale mengine kumi.

Jaji kiongozi, mama mwenye miwani na sauti ya upole, akamgeukia mshtakiwa. Alimuuliza kama amesikia anachoshtakiwa. Ego. Kama maneno yaliyosomwa ni yake. Ego. Kama basi anakubali kwamba alijua kilichomo ndani ya gunia.

"Ego, nyakubahwa," Gaspard akajibu. Ndiyo, mheshimiwa.

Amélie akajifunika uso kwa kitenge. Wiki sita za mafunzo zilikuwa zimekwenda na maji, tena mbele ya majaji watatu, na miaka mitano ilikuwa imekaa pale mezani ikingoja kuandikwa.

Khadidja hakulalamika. Aliinuka, akaomba ruhusa ya maswali matatu. Aliyauliza kwa Kirundi, kwa sauti ile ile ya jaji, bila kumtazama mteja wake, huku akipanga karatasi.

"Gaspard, we ni mbeba mizigo wa Kinama?"

"Ego, Maître."

"Baiskeli yako ina magurudumu mawili?"

"Ego, Maître."

"Na gunia lile, ni huyu jaji mkubwa aliyeketi hapa ndiye alikutuma ulipeleke Mutakura?"

"Ego, Maître."

Karani akaacha kuandika. Polisi wa mlangoni akaanza kuichunguza dari. Jaji akavua miwani.

"Nyakubahwa," Khadidja akasema, "kama 'ego' ile ya mwanzo ni ungamo, hii pia ni ungamo. Naomba karani aandike zote mbili ama afute zote mbili."

Baadaye alikiri kwamba kwa swali lile angeweza kutolewa nje. Jaji aliifuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Kisha, mwenyewe, akamuuliza Gaspard swali ambalo hakuna aliyemfundisha: wakili wako amekuuliza nini sasa hivi?

Gaspard akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Sijui, nyakubahwa. Nilikuwa nasikiliza."

Watu walicheka, na jaji akawaacha wacheke kidogo. Halafu akamwambia Gaspard aeleze siku ile kwa maneno yake, polepole, na asiitikie mtu. Ilimchukua robo saa. Alieleza uzito wa gunia, jinsi alivyolifunga kwa mipira ya tairi, mshono wa mdomo uliokuwa wa kamba ya bluu. Alipoulizwa kwa nini hakulifungua, alishangaa kama aliyeulizwa kwa nini haingii vyumbani mwa watu. Alisema mzigo wa mtu haufunguliwi. Ukifungua mmoja, kesho hupewi mwingine Kinama nzima.

Hukumu ilisomwa wiki tatu baadaye. Gaspard hana hatia. Hukumu inasema ungamo lisilo na ushahidi mwingine halitoshi, na kwamba hili halikuwa ungamo hata kidogo. Alipotoka alikwenda kwanza kituoni kuchukua baiskeli yake, akaikuta matairi yote yamelala. Akaisukuma mpaka nyumbani kwa miguu, na Amélie anasema alikuwa akiimba.

Si kila kesi huisha hivyo. Katika zile thelathini na mbili, Khadidja alishinda kumi na tisa. Anazikumbuka zile kumi na tatu kwa majina ya wateja, hata ya wale ambao, kwa maneno yake, "walikuwa wamekosa kabisa." Lakini analala vizuri, anasema, na kazi hii haibadilishi na ya mtu. Ndugu yake mwenye duka la vipuri amemwalika mara mbili waungane. Mara zote mbili alimjibu kwamba spana alishaishika utotoni.

Sasa ana mpango. Ameandika barua kwa wakubwa wanaohusika, akiomba kila peve iongezwe mstari mmoja mwishoni: mtuhumiwa aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Barua haijajibiwa. "Mustari moja tu," anasema. "Wino wake ni bei gani? Watajibu. Wasipojibu, nitawaandikia tena, na safari hii nitawaambia wanirudishie."

Wakati akingoja, kila Jumamosi saa tisa alasiri hufundisha wabeba mizigo wa Kinama, pale wanapoegesha baiskeli. Walianza sita, sasa wanapita arobaini. Anatamani ifikapo mwaka ujao Kamenge na Mutakura nao wawe na darasa lao, na walimu watoke kwa wabebaji wenyewe. Wa kwanza amekwisha kupatikana. Ni Gaspard, na ni mkali kuliko mwalimu wake.

Jumamosi iliyopita mwandishi alikuwepo, ameinamia daftari, anaandika mbio ili asipoteze neno. Gaspard alikuwa akipita kati ya baiskeli, mikono mgongoni.

"Kaka mwandishi, habari yetu itatoka?" Ee. "Utaandika na ile ego yangu kwa jaji?" Ee. "Utaandika ukweli wote?" Ee. "Na vile we ulisaini ile peve ya bangi kule ofisini, utaweka?"

"Ee," mwandishi akasema, kalamu ikikimbia.

Wabeba mizigo arobaini walicheka mpaka kengele za baiskeli zikalia. Mwandishi alisimama kueleza kwamba hakuna saini yoyote, kwamba aliirudisha kalamu mezani, kama wasomaji walivyokwisha kusoma hapo juu. Khadidja akatazama pembeni. Sikuzani, aliyekuwa ameketi juu ya gunia na faili magotini, akachomoa karatasi moja bila haraka. Jumanne. Maswali sita, majibu sita, kilo kumi na nne. Na chini, saini ndefu yenye mkia na nukta mbili, ya mtu aliyejizoeza kusaini tangu sekondari.

"Mi njo niliipiga chapa," Sikuzani akasema. "Na shahidi ni mi, jina langu ni lile la pembeni. Usipoiandika, nitaipeleka gazetini mwenyewe."

Gaspard akaipokea, akaipangusa vumbi la mkaa, akamkabidhi mwandishi kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Haya, kaka. Soma polepole. Halafu unirudishie."