Mnara wa Grabentin

Irmtraut Pagel alizaliwa Grabentin, kijiji cha Ujerumani Mashariki, akaolewa hapohapo, na tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe yeye ndiye aliyefagia kanisa la kijiji. Lilikuwa na zaidi ya miaka mia saba. Kuta zake chini ni mawe yaliyookotwa mashambani; juu ni matofali mekundu, maana nchi ile haina miamba ya kuchonga, na wakulima wa kale walijichomea matofali ya udongo. Mnara uliongezwa baadaye, ukapambwa kwa mistari ya matofali meusi yanayong'aa. Katika vita vya karne za nyuma askari wa Sweden waliwahi kuuchoma, nao ukabaki wima.

Kisha wakuu wa shamba la ushirika, waliokiendesha kijiji, wakasema mnara ni mbovu, ubomolewe. Siku ya mkutano wa kupiga kura Irmtraut alikuwa kitandani, mapafu yakimsumbua. Akamtuma mumewe Ewald, dereva wa trekta.

"Utawaambia hatutaki."

"Nimeshakusikia, mke wangu. Lala."

Ewald alirudi kichwa chini. Waliokataa wamezidiwa kura, alisema. Akaketi kando ya kitanda, wakalia pamoja. Mnara ulipoangushwa kwa nyaya, Irmtraut alijifunika blanketi mpaka masikioni.

Alipopata nafuu alikwenda kununua mkate. Kwenye foleni akalalamikia kubomolewa kwa mnara, na jirani yake, Mama Lüdtke, akamgeukia.

"Usitutie uchungu sisi. Mumeo ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza kukubali."

"Ewald alikataa."

"Alikataa? Basi lile banda lenu la kuku limejengwa kwa biskuti?"

Ewald alikuwa amemwambia matofali ya banda, alilolijenga mkewe akiwa mgonjwa, yametoka kiwanda cha bia kilichofungwa. Irmtraut alizunguka nyuma ya nyumba, akakwangua chokaa kwa kisu. Chini yake pakang'aa weusi wa matofali ya mnara.

Ewald akamkuta hapo. "Yangetupwa tu," alisema.

"Siulizi matofali. Ulilia na mimi."

"Ningekataa, wangeninyang'anya trekta."

"Ungeniambia hivyo. Ningekasirika, yakaisha."



Irmtraut hakumwacha mumewe, angekwenda wapi na umri ule? Alihamishia kitanda chake chumba cha kushonea. Jumapili mchungaji alipokuja kusalisha katika sehemu ya kanisa iliyobaki, Ewald alivaa koti lake jeusi, akamfuata. Irmtraut aliingia, akamfungia mlango kwa ndani. Ewald alisimama kwenye magugu, akisikiliza nyimbo kupitia ukuta, kisha akarudi nyumbani nyuma ya mkewe. Jumapili iliyofuata Ewald hakuvaa koti; alibaki nyumbani.